Disko Vumbi la Ghala la Mkonge

Haya yalimkuta shoga yangu Raheli wa Vudee, na Raheli hata uongo wa kuombea chumvi haujui. Zilikuwa enzi za ruksa: redio kubwa ruksa, mitumba ruksa, na njaa nayo haikusubiri kibali. Shamba la mkonge alilofanyia kazi mwanawe Elirehema lilipofungwa, kijana alibaki huko huko Same akicheza disko vumbi ndani ya ghala tupu. Jumamosi moja mchana Raheli akateremka kumrudisha nyumbani, maana watoto wengine wote alikwisha kuwazika.

Madirisha yalizibwa kwa magunia. Ndani giza, na besi inayotikisa meno.

"Bibi, umekuja kucheza?" binti mmoja akamcheka.

"Nimekuja kuchukua mtoto. Wewe kachukue nusu ya sketi uliyoisahau kwenu."

Kwa mwanga wa tundu la bati alimwona Elirehema katikati, akijinyonganyonga na kujikunja apendavyo, peke yake. Raheli akapapasa hadi kwenye betri ya gari iliyoendesha muziki, akang'oa nyaya. Muziki ukakatika. Watu wakaguna, wakasimama. Elirehema hakusimama, miguu yake iliendelea kuburuza sakafuni, shwa, shwa, kwa mapigo yale yale.

Kwetu kijana akiitwa na mama yake huitika, hata akiwa amenuna.

"Elirehema!"

Hakugeuka. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Ndani ya spika, nyaya zikiwa bado mkononi mwa Raheli, sauti ya mwanawe ikaitika taratibu: "Naam, mama."