Utando wa Mnero

Kioo cha nyuma kilipasuka.

"Lala chini, Daktari!"

Mwantumu alijikunja chini ya dashibodi, chupa ya chai ameikumbatia kifuani. Zena alikanyaga mafuta. Hilux ilirukaruka kwenye mashimo ya barabara ya kwenda Ruangwa. Nyuma yao, Prado nyeupe ilichomoza katika vumbi jekundu.

Risasi ya pili.

Zena alikuwa jasusi wa Idara ya usalama kwa muda mrefu, lakini sauti ile hakuwahi kuizoea.

Agizo lilikuwa limekuja asubuhi kwa simu. Mkuu wake, Masoudi, alipiga kutoka Ruangwa: "Mnero kuna mgonjwa. Mlete kwangu."

“Mgonjwa”, yaani mtu wa kulindwa, alikuwa Dakta Mwantumu, mkemia wa polima, malighafi ya plastiki. Juu ya paa la zahanati ya Mnero alikuwa amebandika utando mwembamba kama mfuko wa rambo, unaogeuza jua kuwa umeme. Tando za wengine zilichoka upesi. Joto lilizisogeza molekuli zake, zikagandana mabonge, umeme ukapungua. Mwantumu aliusuka upya mnyororo wa polima yake, akaupa matawi yanayozishikilia molekuli mahali pake. Msimu wote wa korosho friji ya chanjo haikuzima.

Wino wa polima hiyo, unaopakwa ukakauka kuwa utando, wote uliokuwapo, ulikuwa ndani ya chupa ile ya chai. Kampuni moja ya nje iliutaka. Ilitaka pia mwenye ujuzi huo afe, asiwepo wa kuudai.

Walipofika Matambarale, Zena alikata kona ghafla, akazama kwenye mikorosho, akazima injini.

Prado ilipita kwa kishindo.

"Dada, watatuua," Mwantumu alinong'ona.

Simu ilitetemeka. Masoudi.

"Uko wapi?"

"Matambarale, Mkuu. Kwenye mikorosho, kushoto baada ya daraja."

"Tulia hapohapo."

Hawakukaa sana. Mngurumo ulirudi, safari hii taratibu. Prado iliiacha barabara, ikafuata njia ileile waliyopita.

Zena aliitazama simu. Mahali pale alikuwa amemtajia mtu mmoja tu.

Alimvuta Mwantumu hadi kwenye mtaro mkavu, wakalala kifudifudi. Wanaume wawili wenye bunduki waliizunguka Hilux. Mmoja akasogea, buti zake zikasimama juu ya mtaro, karibu na kichwa cha Mwantumu. Zena alimziba mdomo mwenzake. Kwa kidole gumba chenye jasho aliandika ujumbe kwa Masoudi: *Tumetoroka kwa bodaboda. Tunarudi nyuma hadi Marambo.*

Simu ya mwenye buti iliita.

"Marambo? Sawa, bosi Masoudi."

Buti ziliondoka mbio.

Prado ilitokomea. Zena alimpigia Inspekta Eva wa polisi Nachingwea.

"Prado nyeupe. Wawili, wana silaha. Wanakuja Marambo."

"Nimekupata. Tunafunga barabara, na polisi wa Ruangwa watakupokea mjini."

Ruangwa, Masoudi alikuwa mezani kwake akinywa soda. Alipomwona Zena mlangoni, chupa ilimponyoka.

"Daktari yuko wapi?"

"Kwenye gari la polisi, hapo nje. Mzima."

Simu ya Zena iliita. Aliweka spika.

"Tumewadaka," alisema Eva. "Wamemtaja Masoudi kabla hata sijauliza."

Mkono wa Masoudi ulishuka kuelekea droo. Bastola ya Zena ilitangulia.

"Mikono juu ya meza, Mkuu."

"Zena, mwanangu, hujui walivyonitisha."

"Najua. Wamenitisha na mimi."

Polisi walipomtoa Masoudi na pingu, Mwantumu alikuwa ameketi garini, macho mekundu, majani bado yamemnasa kwenye ushungi.

"Nirudisheni Mnero," alisema.

"Leo? Huogopi?" Zena aliuliza.

"Naogopa sana, dada. Lakini wodi ya wazazi haina taa, na wino ninao."

Zena alimtazama, kisha akamwita dereva wa polisi.

"Mpeleke. Na ukae naye."

Alivaa miwani yake ya jua, akavuka barabara kuelekea sokoni kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Kwa mama wa chai wa kwanza aliketi, akaagiza kikombe, akakishika kwa mikono miwili.