Kilio Kwenye Santuri ya Bi Orpha

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya mlima, mume wangu Wendell aliponituma nyuzi za banjo. Nyuzi tu! Ule uzi mfupi wa dole gumba ulikuwa umemkatikia, na Jumamosi kuna dansi kwenye ghala la kina Sizemore. Nikambeba Vesta wetu, meno yanamtoka, analia tangu asubuhi, analia mpaka mbwa wa jirani wanamjibu, nikateremka hadi dukani kwa Mzee Stidham.

"Ivalee, mwanangu!" akacheka. "Mume anapiga banjo na bado hujamkimbia? Mbinguni kiti chako kipo mbele kabisa."

"Nipe nyuzi, mzee. Huyu amenimaliza."

"Nene au nyembamba?"

"Hata sijui."

"Anapiga kwa kucha, au anavaa vile vyuma vya vidoleni?"

"Kwa kucha, kama baba yake."

"Basi nyembamba. Na mwambie ile ngozi ya ndama iliyowambwa kwenye banjo asiiweke karibu na jiko, itapasuka." Akainama, akatoa santuri chini ya meza. "Na hii mpelekee, bure. Imetoka nyumbani kwa marehemu Bi Orpha, kule juu Caney. Alijirekodi mwenyewe jikoni kwake. Bonde zima hili hakuna aliyepiga banjo kama yule mama."

Santuri nyeusi, haina hata herufi. Ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Na Vesta, aliyekuwa akilia kutwa nzima, akanyamaza ghafla... akaikodolea macho.

Nikashukuru, kumbe! Nikasema afadhali.

Wendell aliiweka kwenye gramafoni kabla hata hajafunga uzi mpya. Banjo ikalia kwa chini, taratibu. Humo ndani kiti cha kubembea kikawa kinalia, kwii... kwii... Mbwa akabweka mbali. Basi. Hamkuwa na kingine, naapa. Akaanza kujifunza wimbo kama wanavyojifunza wote huku kwetu: anasikiliza kipande, anainua sindano, anairudisha nyuma. Tena. Tena.

Halafu nikasikia mtoto analia.

Ndani ya santuri.

"Wendell, hicho kilio mwanzo hakikuwemo."

"Ah, mke wangu, hizi za jikoni zote ndivyo zilivyo. Majogoo, mbwa, watoto wa watu. Hebu niache nishike hapa kwenye kona ya wimbo."

Akairudisha sindano. Kilio kikawa karibu zaidi. Nikasikia kile kikwikwi cha mwishoni, kile cha kuvuta pumzi mara mbili... Mama hakosei. Nikageukia kitanda cha mtoto.

Vesta alikuwa kaachama, uso mwekundu, machozi yanamtiririka.

Kimya.

"Zima! Wendell, zima!"

Akazima. Haikusaidia kitu. Daktari alimmulika koo, akasema ni zima, tungoje. Tumengoja hadi mahindi yamevunwa. Mwanangu hajatoa sauti hata ya mbu.

Nilimrudia Mzee Stidham, nikamuuliza yule mtoto kwenye santuri ni wa nani. Akaenda akafunga mlango kwanza.

"Mtoto?" alinong'ona. "Bi Orpha hakuwa na mtoto. Alizaa, ndiyo, alizaa sana. Wote walitoka kimya. Hakuwahi kusikia hata mmoja akilia."

"Basi naivunja."

Akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

"Na kilichomo kitakwenda wapi?"

Nikauchomoa mkono wangu.

"Wala msiipige tena, mwanangu. Hizi za kujirekodi ni laini, sindano inazila. Kila mkiipiga, inapungua."

Tukaifunga kwenye shuka, tukaiweka juu ya kabati. Wendell akatundika banjo, hajaigusa tena.

Lakini jana homa ilimpanda Vesta. Akawa anajinyonganyonga, anaachama, nami sijui ni sikio, ni tumbo, ni njaa... Wenzangu wanajua kwa kusikiliza. Mimi nisikilize nini? Wendell hakuwepo. Nikamweka mtoto mapajani, nikaishusha ile santuri, nikateremsha sindano.

Kilio kikaja. Chembamba, kimejaa mikwaruzo, lakini ni chake, Mungu wangu, ni chake! Nikalia nacho.

Banjo ikanyamaza. Kiti kikalia, kwii... Na sauti ya mwanamke, ambayo hatujawahi kuisikia humo, ikanong'ona:

"Nyamaza, mwanangu. Mama nipo."

Kilio kikakoma.

Na Vesta, mapajani mwangu, akaacha kujinyonganyonga. Akatabasamu. Akainyooshea santuri mikono yote miwili. Nilipomvuta kifuani alinisukuma, kwa nguvu, kama mtoto anavyomsukuma mgeni.