Matundu ya Sindano

Mvua ya asubuhi ilikuwa imewakusanya watu kwenye duka la nyuzi, wanunuzi na waliojificha tu. Katikati yao alisimama jibaba la mabega mapana, ameshika kwa mkono wa kushoto sindano nene kama msumari.

"Kaka, hiyo ni ya magunia," sauti ikamwambia ubavuni. "Au ndiyo nguo zako za sikukuu?"

Aligeuka. Mwanamke wa gauni la bluu, shingo yake imetariziwa maua madogo meupe, mwavuli unachuruzika miguuni, alikuwa akimtazama kwa macho ya kucheka.

"Dada yangu, sijui hata naanzia wapi. Hospitali wamenituma nijifunze kushona."

"Kushona? Ugonjwa gani huo?"

Akamwonyesha mkono wa kulia. Alikuwa mchomeleaji, na jina la Cheche walimpa wenzake karakanani kwa jinsi alivyouchezea moto. Kisha siku moja diski ya grinda aliyokuwa akikatia chuma ikapasuka, ikamkata kano za vidole. Daktari alisema sindano na uzi huenda vikaviamsha vidole hivyo, Mungu akipenda.

Kicheko kikamzimika yule mwanamke. "Nisamehe, kaka. Mimi ndiyo kazi yangu, nafundisha kushona kwa mkono. Njoo alasiri."

Chumba chake kilikuwa ghorofani, dirisha moja, meza ndefu, harufu ya pasi na kitambaa kipya. Alimwanzisha na bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu nguo. Kisha akamfundisha kuunga vipande viwili kwa mshono wa kurudi nyuma, na baadaye mnyororo, kila kitanzi kinamshika mwenzake.

"Hii ni bandi au nyayo za kuku?"

"Kuku wako mwenyewe, Mwalimu. Umemlisha nini?"

Wanafunzi wengine, wote wanawake, walicheka mpaka wakajifuta machozi. Lakini vidole vya Cheche havikucheka. Sindano ilimponyoka, ikamchoma, ikaanguka. Jioni moja akakitupa kitambaa mezani. "Kesho siji. Mkono huu umekufa."

Kesho yake simu ikalia. "Njoo uione kazi yako mchana," Mwalimu alisema. "Jana hasira zilikuziba macho."

Alikuja shingo upande. Mshono ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

"Nimeshona mimi hiki?"

"Kwani nani mwingine?"

Tangu siku hiyo Cheche alimwachia Mwalimu kila kitambaa akipige pasi, na kila alipokichukua, moyo ulimjaa. Mapenzi nayo yakaingia polepole, kama maji chini ya mkeka.

"Umekula, mpenzi?" Cheche aliuliza kwenye simu kila jioni.

"Nitakulaje, na wewe umenikalia masikioni?"

"Nikirudi kazini nakuposa. Siwezi kuoa huku nalishwa na dada yangu."

Mwalimu akageuza maneno, akauliza habari za mvua. Cheche alidhani ni haya.

Basi akavaa ovaroli lake lililofuliwa, akatia vitambaa vyake mfukoni, akaenda karakanani. Tajiri wake alivigeuza mkononi, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akampa vyuma viwili aviunge. Wenzake wote wakaacha kazi kumtazama. Fimbo ya kuchomelea ikanasa kwenye chuma, akaing'oa, ikanasa tena. Alipovua kinyago, ile kazi ilikuwa mabonge matupu.

"Cheche, kapumzike, ndugu yangu," tajiri akasema kwa upole. Afadhali angemtukana.

Nyumbani kwa dada yake aliketi dirishani, akavitazama vile vitambaa karibu. Ndipo alipoyaona: pembeni ya mishono iliyonyooka, matundu madogo ya sindano, yamekwenda upogo, mengine mapana, mengine yamepandana. Hayo ndiyo yalikuwa yake. Uzi wake ulikuwa umefumuliwa.

Akapiga simu. "Ulifumua kazi yangu?"

"Cheche..."

"Ulifumua au hukufumua?"

"Nilifumua. Nikashona mimi."

"Nimeaibika mbele ya watu wote, na wewe ulikuwa unajua!"

Akakata. Mwalimu akampigia, Cheche hakupokea. Mvua zikaisha, jua likaja, hakupokea. Daktari naye akamweleza ukweli: kano zimeshaungana vibaya, mkono hautarudi tena kama zamani. Cheche akaacha kunyoa ndevu, akawa mtu wa kutazama ukuta.

Siku moja dada yake akamfungulia mlango mgeni, kisha akajitia ana shughuli jikoni. Mwalimu alisimama na gauni jeusi, uso umemsawijika.

"Sikuja kukubembeleza," alisema. "Ulisema huji tena. Nikaogopa nisikuone. Nikafumua kitambaa kimoja, basi sikujua pa kuachia."

"Ulinipenda kwa uongo."

"Nilikupenda kweli. Uongo nilikuambia juu ya mkono."

"Mkono huu hauponi, Mwalimu," Cheche akasema. "Hivi ndivyo nilivyo. Ukinitaka, nitake na kushona kwangu kubaya."

Ndipo alipoona pindo la gauni lake linaning'inia. Lilikuwa limenasa kwenye ngazi. Akatafuta sindano ya dada yake. "Kaa," akamwambia. "Na usiguse."

Mwalimu akaikalia mikono yake. Cheche akapiga magoti, jasho likimtiririka, sindano ikamponyoka mara nyingi, Mwalimu hakusogea, machozi yanamdondoka tu mapajani. Pindo likatoka limepanda huku, limeshuka kule, limejikunja kama sikio la mbuzi.

"Wanafunzi wako watacheka," Cheche akasema.

"Watauliza nani kanishonea."

"Utawaambia nini?"

"Mume wangu."

"Sijakuoa. Na kazi sina."

"Najua," akasema, akasimama.

Akatoka hivyo hivyo, mchana kweupe, fundi aliyefundisha nusu ya mtaa kukunja pindo. Wanawake kwenye bomba la maji walimtazama miguuni, wakatazamana. Hakuivuta nguo kuificha. Cheche alimfuata nyuma, mkono mbovu mfukoni, na kwenye kona akautoa, akampa aushike.