Tone Jekundu Chini ya Mpini

Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyetuambia kwamba haba na haba hukimaliza kibaba vilevile.

Mfuniko ulipiga dari kwanza. Ndipo nikamsikia mama.

Nilimkuta sakafuni jikoni, viganja usoni, maharage yamemrukia hadi kwenye nywele. Presha kuka mpya, zawadi ya mkwewe, ilikaa juu ya jiko, wazi, ikitoa mvuke kama vile haikufanya kitu...

Na huyo mkwe, wapendwa, ndiye meneja wa kiwanda kilichoitengeneza. Mume wa dada yangu. Bosi wangu pia, maana mimi ndiye niliyeandika maneno ya kwenye maboksi na kuendesha ukurasa wa kiwanda mtandaoni.

Mama naye alifanya kazi humohumo, chumba cha majaribio. Kila presha kuka ilitiwa maji na kuchemshwa mpaka ipige filimbi, yeye na wenzake wakisikiliza. Iliyofaulu ilipakwa tone la rangi nyekundu ya kucha chini ya mpini. Ulikuwa ubunifu wao tu, kwa sababu muhuri wa ofisi ulifutwa na mvuke. Lakini wateja wakauzoea. Mtu dukani anageuza kwanza, anatafuta tone, ndipo anatoa pesa.

Halafu shemeji akaja na kubana matumizi.

Chai ikaondolewa, tukacheka. Mafundi wakapunguzwa, aliyebaki akawa anazunguka mashine zote kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mpira wa mfuniko ukabadilishwa, ukaja mwembamba wa bei ya chini. Mwisho chumba cha majaribio kikageuzwa stoo ya maboksi. Mama akarudishwa nyumbani kwa makofi na hotuba. Baadaye ikafuata hiyo zawadi.

Hospitalini daktari alisema jicho la kushoto hawezi kutuahidi. Mama akanivuta mkono.

"Niligeuza kabla sijapika," akasema. "Tone lilikuwepo."

Lilikuwepo vipi, na waliokuwa wakilipaka wote wako majumbani kwao?

Kesho yake nikapita ukumbi wa kufungashia. Mwisho wa mstari ameketi binti mmoja na kichupa cha rangi ya kucha. Sufuria inakuja, anapaka tone, inapita. Inakuja, anapaka, inapita. Hakuna maji. Hakuna moto.

Nikamuuliza nani kamwagiza. Akanitazama kama nimeuliza jua linachomoza wapi.

"Meneja. Kasema wateja wasipoona tone hawanunui."

Nikaenda kwa dada. Nilitaka asikie kutoka kwangu, si kwa majirani. Juu ya kabati lake niliona presha kuka mpya kama ya mama, bado imo kwenye nailoni. Kwenye moto ilikuwa inachemka ya zamani, mpini umeungua, tone limefifia. Nikamuuliza mbona hatumii mpya.

"Shemeji yako kanikataza," akajibu, huku akikata vitunguu. "Kasema ile ni pambo, nisije nikaiweka motoni."

Kisha akasikia alichokisema. Kisu kikasimama.

Palepale mezani kwake nikafungua ukurasa wa kiwanda. Nikaweka picha ya tone na maneno machache: alama hii haina maana tena, usiweke presha kuka zetu mpya motoni. Walipokuja kunifungia ukurasa, maduka yalishaanza kurudisha mzigo.

Kazi nimefukuzwa. Kiwanda kimesimama. Yule binti wa rangi ya kucha kaniandikia kuuliza mwanawe atakula nini. Hilo linaniuma, sitawadanganya.

Jana kikao cha familia, nyumbani kwa dada. Mjomba akasema nimeanika uchafu wa ukoo barabarani. Shemeji alikuja mpole, suti safi, sauti ya msikitini. Niombe radhi hadharani, niseme nilikosea, naye atagharamia matibabu ya jicho la mama. Mama alikaa pembeni na bandeji yake. Wote wakanigeukia... Hata mimi, kwa dakika hiyo, niliyumba.

Dada akainuka. Akarudi na lile pambo, kalivua nailoni, kalitia maji. Akaliweka kwenye jiko dogo la gesi mbele ya mumewe, akawasha.

"Kaa hapo mpaka lipige filimbi," akamwambia. "Likipiga, mdogo wangu ataomba radhi."

Shemeji akalitazama tone jekundu. Halafu akavuta kiti chake nyuma.

Mjomba akazima moto mwenyewe.

Ndugu zangu, ukitaka kujua kampuni imebana matumizi wapi, usisome boksi. Mimi ndiye niliyekuwa nayaandika hayo maboksi. Kaangalie bosi anapikia nini kwake.

Mnaonitumia ujumbe nimwombe shemeji radhi ili yaishe, nimewasoma nyote.

Siombi.