Unasomea Nini?

Kitiahamu kilikuwa kidude kidogo kama punje ya choroko, kikibandikwa nyuma ya sikio. Siku ya kwanza kilimuuliza mwanafunzi swali moja tu, "Unasomea nini?", kisha jibu lake kikalikuza ubongoni mpaka likawa kiu. Mtwara nzima ilibandikwa. Watoto waliozoea kumeza madesa, zile notisi za kukariri, mtihani ukikaribia, sasa walichimba kila mada mpaka chini kabisa, na alama zikapanda hadi walimu wakachanganyikiwa.

Aliyekibuni ni Mhandisi Fadhila Nampota. Wa kwanza kubandikwa alikuwa bintiye, Somoe.

Sasa Somoe alikuwa ndani ya mtihani wa baiolojia, kidato cha sita, ule wa kuamua kama ataingia udaktari. Kanuni haikuwa na mjadala: vitiahamu vyote vinabanduliwa mlangoni. Fadhila, aliyealikwa kutazama nyuma ya kioo, hakuwa na wasiwasi hata chembe. Mtoto wake kaiva, atashindwa nini?

Nusu ya muda ikapita. Karatasi ya Somoe ilikuwa nyeupe pee. Fadhila akauendea mlango.

"Mwalimu Kalembo, huyu anaumwa," alimwambia msimamizi. "Niruhusu nimwone."

"Hapo hapo mlangoni, mhandisi, na mimi nikisikia."

Somoe akaja, mtulivu kupita kiasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una nini, mwanangu? Umesahau?"

"Sijasahau. Majibu nayajua yote. Tangu kitiahamu kibanduliwe, sioni tu sababu ya kuyaandika."

"Si unautaka udaktari?"

"Unautaka wewe. Mimi kiliponiuliza nilijibu ukweli: namsomea mama."

Jibu lile Fadhila alilikumbuka, na siku ile alilicheka kwa raha. Somoe alikuwa mdogo, na kila jioni alimsomea mama yake hadithi kwa sauti huku mama akiunganisha nyaya zake. Alidhani mtoto kasema hilo. Kumbe mtoto alilielewa swali barabara, na mashine ikamwelewa yeye. Miaka yote ikakuza kitu kimoja, kumridhisha mama, mpaka kikafunika vingine vyote. Jamani, bongo zote zile alizopima, wa mwanawe hakuusikia.

"Sema tu," Somoe alisema. "Ukiniambia nikuandikie, nitaandika. Muda unatosha."

Kalembo akatazama pembeni. Neno lilikuwa limeshamfika Fadhila ulimini. Alilitaka kwa moyo wake wote, na akaona aibu kwa jinsi alivyolitaka.

"Usiniandikie mimi," alisema mwishowe.

"Basi nifanye nini?"

"Sijui, mwanangu. Kweli sijui."

Somoe akarudi kitini. Akayapitia maswali bila haraka, moja moja, mikono mapajani. Kengele ilipolia, Kalembo aliichukua karatasi ikiwa haina hata herufi moja, na nafasi ya udaktari ikaenda nayo.

Walitoka, kitiahamu cha Somoe wakikiacha mlangoni. Fadhila alilia bila kujificha. Walipofika getini Somoe akasimama, kakunja uso.

"Mama, lile swali la figo. Mtu akitoa moja, iliyobaki inakua. Sasa inajuaje kwamba mwenzake hayupo?"

"Hata mimi sijui."

"Najua hujui," Somoe alisema. Alikuwa ameshageuka kuelekea maktaba.