Neno Kwenye Kidumu Cheupe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyamizi alimshikia mama yake, Milembe, ndama wakati akikamua ng'ombe. Siku hiyo kibuyu cha maziwa kilikuwa kimepasuka, hivyo mama akatoa kidumu cheupe alichookota nyuma ya ghala la pamba, pale Dutwa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, nao walikuja na dawa za kuua wadudu za kila nchi. Karatasi ya kidumu ilikuwa imechanika, limebaki neno moja tu.

"Wewe wa darasa la sita, hapa pameandikwaje?"

"Gift," Nyamizi alisoma kwa madaha. "Ni Kiingereza, mayu," akamwambia mama yake. "Maana yake zawadi."

Mama akacheka, akakisuuza, akamimina maziwa. Harufu kali ilimpiga Nyamizi puani, lakini hakutaka kuonekana hajui. Akanyamaza.

Mdogo wake, Salu, ndiye aliyekunywa wa kwanza. Haukupita muda akaanza kutapika. Mate yalimchuruzika, jasho likamlowesha, mwili ukatetemeka.

"Mwanangu ananifia!" Mama alimbeba mbio kwenda zahanati. Nyamizi alimfuata na kidumu mkononi, akilia. Njiani Salu alilegea, akafumba macho.

"Ni malaria, imempanda kichwani," mama alimwambia muuguzi Klementina, naye akaanza kuandaa kwinini.

"Si malaria!" Nyamizi alipiga kelele. "Amekunywa maziwa ya humu. Yalinuka, nami sikusema!"

Klementina alisoma lile neno, uso ukambadilika. "Hiki ni Kijerumani. Kwao gift ni sumu!"

Akamvua Salu nguo, akamwosha, akamchoma sindano ya kupinga sumu, akarudia tena na tena. Mama aliketi sakafuni, ameuma kanga. Nyamizi alimwomba Mungu amchukue yeye.

Jua lilikuwa limeinama Salu alipofumbua macho. "Mayu, maji."

Nyamizi aliangua kilio. Klementina akamshika bega.

"Nilifundishwa kazi na masista wa Kijerumani. Mwenzao Mswidi alikuwa akilitumia neno hilohilo, kwa lugha yake, kumaanisha mtu aliyeoa. Kutojua si kosa, binti. Kosa ni kunusa hatari ukanyamaza kwa kuona haya. Ungenyamaza na hapa, tungemzika. Nawe mama, chombo cha dawa hakiingii jikoni, hata ukikiosha vipi."

Milembe aliinuka ghafla. "Majirani nao waliokota vidumu kama hiki!"

Nyamizi alikuwa amekwisha kutoka nje, anakimbia kuwaambia.