Mtoto wa Kitabuni na Chiriku Wetu

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sebuleni, vitambaa vimejaa hadi kwenye kiti cha baba. Binti yake mdogo, wa miaka sita, alikuwa na usonji. Hakusema neno. Aliimba tu kwa kuguna, mchana kutwa, ndiyo maana wakamwita Chiriku.

Jioni moja dada yake alileta kitabu cha hadithi kutoka shuleni.

"Mama, humu kuna mtoto kama Chiriku!"

Akasoma kwa sauti. Mtoto wa kitabuni hakusema, ila alijua hesabu kuliko mwalimu. Alishinda mashindano. Baba yake, aliyezoea kumficha, akamkumbatia mbele za watu.

Mama aliacha kushona. "Kumbe wana vipaji! Cha huyu wetu kiko wapi?"

Kesho yake alimkalisha Chiriku mbele ya vifungo. "Hesabu, mwanangu. Moja, mbili..." Chiriku aliziba masikio, akapiga kelele, akajiuma mkono.

"Labda kitabu kimekosea," alisema baba.

"Kitabu kikosee? Labda mimi ndiye nakosea." Mama hakujua ashike lipi.

Akamwendea jirani, mwalimu wa watoto wenye usonji.

"Shoga, nimechanganyikiwa. Wa kitabuni anajua hesabu. Wangu anajua nini?"

"Wenye vipaji vile wapo, ila wachache. Watoto hawa hawafanani, kama sisi tusivyofanana. Wewe unashona magauni, mimi hata kifungo kinanishinda."

Mama akacheka kidogo.

"Hebu niambie," jirani aliendelea, "yule wa kitabuni alikumbatiwa lini?"

"Aliposhinda."

"Na angeshindwa je?"

Mama aligeuka kutazama nyumbani kwake.

"Mtoto hapendwi kwa ushindi, shoga. Usimtafutie maajabu. Mtafutie njia ya kukuambia anachotaka. Jaribuni picha. Na kelele zinazomuumiza, zipunguzeni."

Mama alihamishia cherehani chumbani. Dada alichora picha kwenye vipande vya boksi: kikombe, kitanda, mlango. Kila walipompa Chiriku maji, walimwonyesha kikombe. Kila walipotoka, mlango. Chiriku alizitupa picha chini. Wiki zikapita.

"Tunafanya sawa kweli?" mama aliuliza.

"Vuteni subira," alijibu jirani.

Asubuhi moja Chiriku alimvuta mama gauni. Akamtia mkononi picha ya mlango. Hakulia, hakujiuma.

Mama alifungua mlango, akapaza sauti: "Njooni! Chiriku kaniomba kitu!"

Baba alikuja mbio, povu la kunyolea ndevu mashavuni, dada nyuma yake. "Kaomba nini?"

Chiriku alikuwa ameshaketi kizingitini, akitazama barabara. Mama hakujua anatazama nini.

"Kukaa hapa," alisema.

Wakakaa wote.